Kutafuta chanzo cha mgongano wa maktaba kwenye WildFly

Programu inayojengeka vizuri na kupita majaribio yote, kisha ikakataa kuwaka mara faili yake ya WAR (kifurushi cha programu ya wavuti ya Java) inapowekwa kwenye WildFly, seva ya kuendeshea programu za Java, mara nyingi haina ubovu wowote katika msimbo wake. Seva ina maktaba zake, nawe umekuja na zako, na klasi yenye jina moja imepatikana mahali pawili.

Fungua standalone/log/server.log na ushuke hadi kwenye «Caused by» ya mwisho kabisa. NoSuchMethodError maana yake klasi ipo, ila toleo lililopakiwa silo ulilojengea. ClassCastException ina hila zaidi, kwa sababu klasi moja ikipakiwa na vipakiaji viwili (class loader), JVM, yaani mashine inayoendesha Java, huzihesabu kuwa klasi mbili zisizojuana, hata kama majina yao yanafanana herufi kwa herufi.

Kabla ya kugusa pom.xml, faili ambamo Maven (chombo cha kujengea programu) husoma orodha ya maktaba zako, jua klasi hiyo imetoka wapi. Niliwahi kupoteza siku mbili nikipandisha matoleo ya maktaba ambayo seva haikuwa ikiyasoma hata kidogo. Ongeza -verbose:class kwenye JAVA_OPTS, washa seva upya, kisha tafuta jina la klasi katika matokeo: utaona kama imetoka kwenye WEB-INF/lib yako au kwenye saraka ya modules ya seva.

Ikiwa imetoka kwako, endesha amri hii (mfano hapa ni SLF4J, maktaba ya kuandikia log):

mvn dependency:tree -Dverbose -Dincludes=org.slf4j

Maven haichagui toleo jipya zaidi, bali lililo karibu zaidi na mzizi wa mti; yakilingana umbali, linashinda lililotajwa kwanza. Kwa hiyo taja toleo unalolitaka ndani ya sehemu ya dependencyManagement ya pom.xml, na API za Jakarta EE ambazo seva tayari inazo zipe scope ya provided, yaani zisiingizwe ndani ya WAR.

Ikiwa imetoka kwenye seva, ni shauri jingine. Tomcat, seva nyingine ya Java, hutazama WEB-INF/lib kwanza, isipokuwa kwa klasi za Java yenyewe na API kama ya Servlet. WildFly hutanguliza moduli inazoziongeza yenyewe. Ndiyo maana WAR ileile huwaka kwenye Tomcat na kugoma hapa. Mfano wa kila siku ni Logback, maktaba inayoandika log nyuma ya SLF4J: programu inategemea kupata LoggerContext ya Logback, lakini inakabidhiwa org.slf4j.impl.Slf4jLoggerFactory ya seva. Weka faili ya jboss-deployment-structure.xml ndani ya WEB-INF, au ndani ya META-INF ya EAR (kifurushi kikubwa kinachobeba WAR) ikiwa WAR imo humo:

<jboss-deployment-structure xmlns="urn:jboss:deployment-structure:1.2">
  <deployment>
    <exclude-subsystems>
      <subsystem name="logging"/>
    </exclude-subsystems>
  </deployment>
</jboss-deployment-structure>

Njia hii haitakusaidia iwapo kosa linataja javax.servlet nawe uko kwenye WildFly 27 ya mwaka 2022 au ya baadaye, kwa kuwa huko vifurushi hivyo vimehamia jakarta. Hapo ni kubadilisha msimbo pamoja na maktaba unazozitegemea.

Baada ya marekebisho, jenga upya kwa mvn clean package, kisha uikague WAR yenyewe:

unzip -l target/*.war | grep slf4j-api

Inapasa kutoka mstari mmoja. Ikitoka miwili yenye namba tofauti za toleo, mgongano bado upo.