Kukusanya vitabu na vitu vya Zorro ukiwa Dodoma

Kabla ya kutoa shilingi, jua kitu unachokitaka kilianza kutengenezwa mwaka gani. Zorro, yaani mbweha kwa Kihispania, ni shujaa wa hadithi anayeficha uso kwa barakoa na kupigana kwa upanga. Alitokea kwanza Agosti 1919 kwenye jarida la Marekani, All-Story Weekly, katika hadithi ya Johnston McCulley iliyoitwa The Curse of Capistrano na kutolewa kwa sehemu tano. Mwaka 1920 ikafuata filamu ya mwigizaji Douglas Fairbanks, The Mark of Zorro. Kitabu chenyewe kilitoka 1924 kwa jina hilo la filamu, kikichapwa na Grosset & Dunlap. Kwa hiyo muuzaji akikutangazia “kitabu cha 1919”, ama ana jarida ama amekosea mwaka, na bei ya vitu hivyo viwili haifanani hata kidogo.

Vinyago vya kuchezea, kadi, barakoa za uso na masanduku ya bati ya chakula cha shule ni habari nyingine. Vingi ni vya kuanzia 1957, Disney ilipoanza mfululizo wa televisheni wenye Guy Williams, vipindi 78 vya nusu saa vilivyoendelea hadi 1959. Wimbi la baadaye lilikuja na filamu ya Antonio Banderas ya 1998, na mwaka 2005 ikatoka riwaya ya Isabel Allende. Anayeanza leo na mfuko wa kawaida aanze na vya 1998 na 2005. Ni rahisi kuvipata vikiwa vizima, na ukikosea huumii sana.

Hadithi ya 1919 haina tena hakimiliki Marekani, ndiyo maana kila mtu anaichapa, na machapisho mengine yamekatwakatwa. Hesabu sura: nzima ina 39. Kisha tazama majina. Jina halisi la Zorro, McCulley aliliandika Diego Vega. “De la”, yaani Diego de la Vega, ilikuja baadaye. Sajenti wake ni Gonzales, kwa hiyo ukimkuta Sajenti Garcia ujue umeshika hadithi iliyotoka kwenye televisheni. Fungua pia ukurasa wa mwisho kabisa. Ukiwa na msimbo wa mistari (barcode), tarehe na mahali kilipochapwa, kitabu hicho kimechapwa kwa oda ya mteja, hata kama jalada limepakwa rangi ya kizamani. Kwa kusoma kinafaa, ila usikilipie bei ya kale.

Toleo la Grosset & Dunlap lina mtego wake. Mwaka 1924 ulibaki kwenye ukurasa wa hakimiliki hata kitabu kiliporudiwa kuchapwa. Angalia orodha ya vitabu vingine inayotangazwa mwishoni au kwenye karatasi ya nje inayovikwa juu ya jalada. Kikitajwa kitabu kilichotoka baada ya 1924, nakala hiyo ni ya baadaye. Karatasi hiyo ya nje ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya thamani, kwa hiyo uliza kama ni ya zamani kweli au ni nakala ya rangi iliyochapwa juzi.

Kwa vitabu vya katuni vya kampuni ya Dell, toleo la kwanza la Zorro wa Disney ni namba 882 ya mfululizo wa Four Color, la 1958, lililochorwa na Alex Toth. Bei ya kawaida juu ya jalada ni senti 10. Ukiona msimbo wa mistari, hiyo ni nakala mpya, kwani katuni za Marekani zilianza kuwekewa msimbo huo miaka ya 1970. Kadi za Zorro za kampuni ya Topps za mwaka huohuo wa 1958 ni 88. Mtu akiuza “seti kamili”, mwombe azipange kwa namba na kuzipiga picha pande zote mbili, maana inayokosekana huwa imefichwa katikati ya bunda. Bango la sinema la 1998 linalotoka Marekani lina upana wa inchi 27 na urefu wa 40, na ukiligeuza unaona picha ileile kinyume, iliyofifia kidogo. Mgongo ukiwa mweupe, kuna uwezekano mkubwa ni la kuuzwa dukani, si lile la sinema.

Kwa kitabu chochote cha mbali omba picha sita: jalada la mbele, mgongo wa kitabu, ukurasa wa hakimiliki, ukurasa wa katikati, ukurasa wa mwisho, na pembe za ndani ambako jalada linashikana na kurasa. Asiyetaka kupiga hiyo ya sita mara nyingi ana kitabu kilichoachia gundi.

Mzigo ukija kwa Posta, andikisha S.L.P. yako na namba ya simu inayopatikana. Mwambie muuzaji atenganishe vitabu na vinyago kwenye tamko la forodha, kila kimoja kwa mstari wake na thamani yake halisi. Kundi la ushuru la vitabu ni 4901, la vinyago ni 9503, na vitabu havitozwi ushuru wa forodha Afrika Mashariki. Ukiandikwa mstari mmoja tu wa “vitu vya Zorro”, usishangae riwaya ikikadiriwa kama kinyago. Usikubali kushusha thamani ili ulipe kidogo: mzigo ukipotea, fidia haizidi thamani iliyotamkwa. Katuni ifungwe katikati ya kadibodi mbili zinazoizidi sentimita 2 kila upande, na gundi ya utepe ishike kadibodi kwa kadibodi, isiguse karatasi.

Sasa hali ya hewa, na hapa ndipo wengi wa Dodoma wanapopoteza vitu vizuri. Karatasi za majarida na katuni za bei nafuu zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, yaani gundi ya asili ya mti. Zina asidi, hugeuka njano, kisha hukatika kama majani makavu. Kiangazi chetu huzikausha zaidi, halafu mvua za Desemba huja na unyevu wa ghafla, kurasa zinajikunja na ukungu unaota. Kwa hiyo kazi ya kufungua, kupekua na kuvalisha makava ifanye Mei, mvua zikishakatika na karatasi ikiwa bado ina ulaini. Septemba na Oktoba usiguse jarida la zamani bila sababu. Nunua kipima unyevu kidogo, ulenge asilimia 35 hadi 50. Vifuko vya silika ni vya Desemba hadi Aprili tu. Ukiviacha ndani kiangazi unaongeza ukavu juu ya ukavu.

Makava na masanduku chagua kwa kusoma alama ya pembetatu chini yake. Namba 5 na 1 zinafaa. Namba 3 ni PVC, ambayo hutoa mvuke na mafuta yanayonata kwenye wino. Katoni za mvinyo zinavutia kwa ukubwa wake, lakini kadibodi yake ina asidi na mende wanaipenda, basi zitumie kuhamia nyumba tu. Rafu iwe ya chuma, sentimita 15 juu ya sakafu na 10 kutoka ukutani, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane mapema. Chagua chumba cha ndani chenye dari. Chini ya bati tupu joto la mchana hulegeza gundi na kufanya vinyago vya plastiki vitoe jasho.

Kila kipya kikae peke yake wiki mbili juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga au vinyesi vidogo vya wadudu, kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14. Umeme ukikatika mpaka barafu ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, acha saa 24 ndipo ufungue, la sivyo umande utatanda juu ya jalada. Njia hii ni ya karatasi. Vinyago usivigandishe, plastiki ya zamani hupasuka.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya rangi, kutoka mgongo wa kitabu kwenda nje, kitabu kikiwa kimefungwa. Kitambaa chenye maji husukuma vumbi letu jekundu ndani ya nyuzi za karatasi na halitoki tena. Selotepu usiitumie hata kwa mpasuko mdogo. Kinyago cha plastiki kinachonata kioshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya maji, kikauke kivulini, na usikifunge kwa gazeti kwa sababu wino utahamia. Sanduku la bati la chakula lifute tu kwa kitambaa kikavu, ukiepuka kabisa steelwire ya kusugulia masufuria, kwani picha ya Zorro pale ni tabaka jembamba la rangi juu ya chuma.