Kuanza kukusanya sarafu za prufu ukiwa ughaibuni

Kila mwaka viwanda vikubwa vya sarafu, vikiwemo vya Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, hutoa seti mpya za prufu, yaani sarafu zinazotengenezwa kwa uangalifu wa pekee kwa ajili ya wakusanyaji, na wengi wanaoanza kukusanya huzikimbilia mara tu zinapotangazwa. Mimi nashauri kinyume chake. Seti mpya iache kwanza. Mara nyingi siku inayotoka kiwandani ndiyo siku bei yake iko juu kuliko itakavyokuwa kwa miaka mingi, na wewe bado jicho lako halijazoea. Anza na za nyuma, zilizokwisha kumilikiwa na mtu mwingine: kwa wauzaji wa sarafu, kwenye maonyesho yao, kwenye minada ya mtandaoni. Anayeishi katika nchi yenye kiwanda cha namna hiyo amebahatika, kwani seti za miaka ya nyuma zimejaa madukani na wenyewe wanataka kuziondoa.

Prufu ni nini hasa

Prufu ni namna ya kutengeneza, wala si kipimo cha usafi. Kisahani cha chuma husuguliwa mpaka kimete, kikawekwa kwa uangalifu kati ya mihuri miwili, yaani vyuma vilivyochongwa mchoro wa sarafu, kisha kikagongwa mara mbili au zaidi kwa nguvu kubwa, ili hata mstari mwembamba kuliko yote katika mchoro utokeze. Sarafu ya matumizi hugongwa mara moja na kutumbukia kwenye pipa pamoja na maelfu ya nyingine. Kwa hiyo prufu iliyokwaruzwa na kushikwashikwa inabaki kuwa prufu, ila imeharibika. Na sarafu ya kawaida iliyosuguliwa na mtu nyumbani haiwi prufu hata ikimeremeta vipi.

Mihuri yenyewe husuguliwa vilevile, lakini sehemu za picha na maandishi hukwaruzwa kidogo kidogo, zamani kwa mchanga au tindikali, siku hizi kwa leza. Ndipo uwanja wa sarafu, yaani sehemu isiyo na picha wala maandishi, ukameta hadi ukaonekana mweusi, na picha ikatoka nyeupe isiyometa. Tofauti hiyo wakusanyaji huiita kameo. Zipo pia prufu za kinyume, ambazo uwanja ndio mweupe na picha ndiyo inayometa. Marekani ilitoa sarafu yake ya madini ya fedha iitwayo Eagle kwa namna hiyo mwaka 2006, mfululizo wa Eagle ulipotimiza miaka 20.

Habari ya kameo inagusa mfuko wako moja kwa moja. Zamani ule ukwaruzo wa muhuri ulilika upesi: sarafu chache za kwanza zilitoka na weupe mzuri, weupe ukafifia, na muhuri ukaendelea kugonga. Ndiyo sababu seti nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zina sarafu zinazometa kila mahali bila kameo, na zile chache zenye kameo nzito bei yake ni nyingine kabisa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mbinu zimekuwa bora na kameo imekuwa kitu cha kawaida. Muuzaji akikuongezea bei ya seti ya 1995 kwa maneno kwamba ina kameo ya kina, anakutoza kwa kitu ambacho karibu kila seti ya mwaka huo inacho.

Seti za kujifunzia

Marekani ilitengeneza prufu Philadelphia hadi 1964, ikasimama miaka mitatu, halafu mwaka 1968 kazi ikahamia San Francisco. Ukiona herufi S kwenye seti za tangu hapo, maana yake ndiyo hiyo. Zilitengenezwa kwa mamilioni, watu wakazihifadhi vizuri, na leo seti nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zinauzwa chini ya bei ambayo mnunuzi wa kwanza alilipa kiwandani. Kwa mwekezaji huo ni msiba. Kwa anayejifunza ni neema, kwa sababu kwa pesa kidogo unapata sarafu halisi za prufu, za miaka tofauti, ukae nazo mezani ujue uso mzuri ukoje na uso ulioanza kuharibika ukoje.

Na ndani ya seti hizo za kawaida kuna mambo. Baadhi ya seti za 1990 zilitoka na senti isiyo na herufi S, kwa sababu muhuri mmoja ulisahaulika kutiwa herufi. Seti nzima inaonekana sawa na wenzake mpaka utazame chini ya tarehe kwa kioo cha kukuzia. Tangu 1992 kuna pia seti za fedha pembeni ya zile za kawaida. Fedha yake ilikuwa asilimia 90 na ikapandishwa hadi 99.9 mwaka 2019. Ya fedha na isiyo ya fedha zinafanana sana kwa macho, basi soma kasha, kisha tazama ukingo: dime (senti 10), robo dola au nusu dola isiyo ya fedha huonyesha mstari wa shaba pembeni.

Kwa Uingereza ningeanza na seti ya 1970. Ni ya mwisho ya mfumo wa zamani wa pauni, shilingi na peni, kabla ya desimali kuanza tarehe 15 Februari 1971. Sarafu zake zenye tarehe 1970 hazikuingia mitaani kabisa. Zilitengenezwa kwa ajili ya seti tu. Hata hivyo seti zilikuwa nyingi, na bei yake bado ni ya kawaida. Ndani mna shilingi mbili, ya Kiingereza na ya Kiskoti, kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki atakutana humo na ndugu mkubwa wa pesa anayoijua.

Chagua njia moja

Mkusanyiko usio na mpaka hugeuka kuwa droo ya vitu. Mwingine hukusanya mwaka aliozaliwa kila mtoto wake, mwingine meli tu, mwingine sarafu moja katika miaka yake yote. Njia ninayoipendelea kwa wasomaji wa makala hii ni prufu za nchi zetu wenyewe, kwa sababu nyingi ziligongwa Ulaya na zikauzwa huko huko kwa wakusanyaji. Bado ziko huko, wakati mwingine kwa muuzaji asiyejua Tanzania iko upande gani.

Tanzania ilitoa sarafu zake za kwanza mwaka 1966, na seti za prufu zipo: samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50, mwenge kwenye shilingi, na Mwalimu Nyerere upande wa pili wa zote. Mwaka huo huo Kenya ilitoa prufu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 zenye sura ya Mzee Kenyatta. Uganda ikatoa mfululizo wa fedha na dhahabu wa ziara ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1969. Mwaka 1974 Tanzania ikaingia kwenye mfululizo wa uhifadhi wa wanyamapori, na hapa pana somo zuri: twiga wa shilingi 25 na faru wa shilingi 50 walitolewa kwa namna mbili, ya kawaida yenye fedha asilimia 50, na prufu yenye fedha asilimia 92.5. Sarafu hizo hata uzito hazilingani. Muulize muuzaji uzito kwa gramu kabla hujalipa, maana kwenye picha mbaya ya mtandaoni zinafanana.

Kuitazama

Zima taa ya dari, washa taa moja ya mezani. Shika kapsuli, yaani kikasha kigumu cha kuonyesha kinachoibeba sarafu, uinamishe sarafu polepole mpaka mwanga uteleze uwanjani kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye uwanja safi mwanga hupita bila kukwama. Uwanja uliofutwa na kitambaa huonyesha mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja, na ukiigeuza sarafu kidogo inapotea. Muuzaji mjanja hupiga picha kwa pembe hiyo hiyo inayoificha; omba picha ya pili iliyoinamishwa, na akikataa, umeshajibiwa.

Mkwaruzo ukiuona, jiulize kwanza uko kwenye sarafu au kwenye kapsuli. Sogeza taa: mkwaruzo wa kapsuli huangusha kivuli juu ya uwanja, na kivuli hicho hutembea. Wa sarafu hukaa pale pale. Halafu tafuta utando wa bluu au wa rangi ya maziwa, ambao huja kwenye seti za zamani kutokana na kasha lake, vidoa vyeupe kwenye fedha, na vidoa vya kahawia kwenye shaba. Alama ya kidole ni mbaya kuliko vyote hivyo. Mafuta ya ngozi hula chuma, na baada ya miaka alama haitoki tena.

Wanaokutafuta wenyewe

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Matangazo ya televisheni na ya mitandaoni yanayokuambia una saa chache tu kuagiza, yenye maneno makubwa kuhusu prufu iliyofunikwa dhahabu safi, mara nyingi yanauza medali ya shaba yenye ngozi nyembamba mno ya dhahabu. Haina thamani ya pesa ya nchi yoyote na hakuna atakayeinunua kwako. Tazama kama sarafu ina jina la nchi na thamani iliyoandikwa. Vikiwepo bado usitulie: baadhi ya nchi ndogo hukodisha jina lao kwa kampuni za nje, na sarafu hiyo haijawahi kukanyaga nchi iliyoandikwa juu yake.

Idadi ndogo nayo hutumika kama chambo. Idadi ndogo ina maana pale tu watu wengi wanapoitaka. Mfano wake halisi ni Eagle ya fedha ya 1995 yenye herufi W, ya kiwanda cha West Point. Ili uipate ilibidi ununue seti ya dhahabu ya mwaka huo, wengi wakakataa gharama, zikatoka 30,125 tu. Lakini maelfu ya watu walikuwa tayari wanakusanya Eagle za kila mwaka na nafasi hiyo ilibaki wazi kwenye albamu zao. Ndiyo maana inatafutwa. Sarafu yenye picha ya mbwa wa katuni iliyotengenezwa mara 500 haina watu wa namna hiyo nyuma yake.

Kampuni za PCGS na NGC hukagua sarafu, huipa alama kwa kipimo kinachoishia 70, na kuifunga ndani ya plastiki ngumu. Kwa sarafu ya bei kubwa huduma hiyo inafaa sana. Kwa prufu za kisasa, nyingi hupata 69 au 70, na tofauti kati ya alama hizo mbili kwa macho yako na yangu ni ndogo mno, ila kwa bei inaweza kuwa maradufu. Chukua 69. Lebo zinazosema sarafu ilikuwa ya siku za kwanza za utengenezaji zipuuze kabisa. Na kwa kuwa plastiki zenyewe hughushiwa, andika namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika, ulinganishe picha na kilicho mkononi.

Kuhifadhi, na kuhama nazo

Usiisafishe. Hata kwa kitambaa laini, hata kwa pumzi. Ukilazimika kuitoa kwenye kapsuli, tandika taulo mezani, ishike ukingoni, na usizungumze juu yake, kwani tone la mate huacha doa. Vifuko laini vya plastiki ya PVC viepuke. Vikizeeka hutoa kimiminika cha kijani kinachokula chuma. Tumia kapsuli za akriliki au vifuko vya Mylar, weka pakiti za kunyonya unyevu, na usiweke karibu na jiko wala bafu. Kasha la kiwandani na cheti chake vitunze hata kama sarafu umeihamishia kwingine, kwa sababu siku ya kuuza mnunuzi ataviuliza.

Anayeishi nchi ya watu huhama: chumba, mji, hata bara. Mkusanyiko wako uwe ule unaoweza kuubeba mwenyewe. Piga picha kila sarafu pande zote mbili, tunza risiti, na orodha iwe mahali pengine tofauti na sarafu. Bima ya vyombo vya nyumbani mara nyingi ina kikomo kidogo kwa pesa na vitu vya thamani, basi soma kifungu hicho kabla hujasaini. Ukisafiri, zibebe mkononi. Mashine ya ukaguzi haizidhuru, lakini chuma kizito huonekana kama bonge jeusi na utaombwa ufungue begi. Omba ufungulie chumba cha pembeni na uzishike mwenyewe. Forodhani, thamani iliyoandikwa juu ya sarafu haikusaidii. Eagle ya dhahabu ya aunsi moja imeandikwa dola 50, ila ofisa atahesabu bei ya soko, kwa hiyo tangaza ulichobeba na uwe na risiti mkononi.

Mtu mmoja wa familia ajue orodha iko wapi. Juu ya ukurasa wake wa kwanza mwandikie kwa herufi kubwa kwamba asisugue chochote na asipeleke benki kubadilisha, na umtajie muuzaji mmoja au nyumba moja ya mnada unayoiamini.