Hamu ya uandishi wa habari ikiisha, pima kabla ya kuacha
Usiandike barua ya kujiuzulu ukiwa umetoka zamu ya usiku. Chukua kwanza likizo ya wiki 2 mfululizo, simu ya kazini ikiwa imezimwa. Siku 3 hazitoshi, zote huishia usingizini. Ukirudi na hamu, ulikuwa uchovu tu.

Isiporudi, fungua daftari. Kwa mwezi mzima, kila habari unayoikamilisha iandikie mstari mmoja: wazo lilikuwa la nani, ulitoka au uliandikia mezani, mhariri alikata nini. Mara nyingi kinachochosha si uandishi bali dawati, yaani kitengo cha habari ulichopangiwa: taarifa za mikutano, habari 5 kwa siku, hakuna chanzo hata kimoja ulichoonana nacho ana kwa ana. Basi omba kuhamishwa, kwa maandishi, ukiambatanisha mawazo 3 yenye vyanzo. Ombi tupu huahirishwa.

Kwa walioripoti maafa na mauaji, jinamizi, kushtukashtuka na ganzi ya hisia huweza kuwa dalili za kiwewe. Hapo muone mtaalamu wa afya ya akili. Kubadili dawati peke yake hakutoshi.

Ukiamua kuondoka, hifadhi kwanza nakala za kazi zako zilizochapishwa, maana akaunti za ofisini zinaweza kufungwa siku hiyohiyo. Namba za vyanzo vya siri usimwachie mtu bila ridhaa yao.