Ekwalaiza na mwangwi wa ndani ya mikseta: nini kianze, nini kifuate

Mafundi mitambo wengi wanaoanza kazi kwenye kwaya na kumbi za harusi hukimbilia mwangwi kabla sauti yenyewe haijakaa sawa. Sauti mbovu ikitiwa mwangwi husikika mbovu mara mbili, kwa hiyo nobu ya efekti (FX), inayotia mwangwi, iache sifuri kwanza.

Anza na geini, nobu ya kukuza sauti inayoingia kutoka kwenye maiki. Mwimbaji aimbe kwa nguvu ileile atakayoitumia jukwaani, badala ya kunong'ona "moja, mbili", nawe pandisha geini mpaka taa nyekundu imulike kwenye kilele cha sauti, kisha irudishe nyuma kidogo. Nobu za ekwalaiza, yaani za kurekebisha besi, sauti za kati na za juu, zote zielekee saa sita (katikati). Kwenye maiki za waimbaji, bonyeza kitufe cha kukata besi ya chini, ambacho katika mikseta nyingi ndogo huwa ni cha 80 au 100 Hz, ili vishindo vya miguu jukwaani na upepo wa feni visipite.

Ekwalaiza ni chombo cha kupunguza kuliko kuongeza. Mwimbaji anayeibandika maiki mdomoni huongezewa besi na maiki yenyewe, hivyo nobu ya besi ishushwe. Masafa ya kati ndiyo yenye kazi kubwa. Ikiwa mikseta yako ina nobu mbili za kati, moja ya kuchagua masafa na nyingine ya kupandisha au kushusha, teremsha kwanza feda (kitelezi cha sauti ya chaneli), pandisha hiyo ya pili kiasi, halafu zungusha ile ya kuchagua polepole mpaka usikie sauti kama inatoka ndani ya debe, mara nyingi kati ya 250 na 500 Hz. Hapo hapo shusha desibeli 3 hadi 6. Maneno yakiwa bado hayasikiki vizuri, ongeza kidogo karibu na 3 kHz. Herufi "s" zikichoma masikio, shusha nobu ya juu.

Sasa efekti. Weka feda ya kurudisha efekti kwenye alama ya sifuri, chagua programu, kisha pandisha nobu ya FX ya chaneli ya mwimbaji mpaka mwangwi usikike waziwazi, halafu urudi nyuma kidogo. Plate, programu ya mwangwi unaoiga bati linalotetema, huwafaa waimbaji wengi. Hall ndefu, inayoiga ukumbi mkubwa, hufaa nyimbo za polepole. Ukumbi wa mabati na sakafu ya saruji una mwangwi wake tayari, na huko mimi huiacha efekti karibu na sifuri hata mwimbaji akilalamika.

Delay, efekti inayorudia sauti baada ya muda mfupi, inahitaji hesabu: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 100 hupata milisekunde 600, na nusu yake, 300, nayo huingia vizuri. Isipolingana na ngoma, waimbaji watayumba.

Nobu ya FX kwenye chaneli ya kurudisha efekti, kama ipo, isiguswe, kwa sababu mwangwi utajilisha wenyewe mpaka spika zilie. Spika za jukwaani pia zisipelekewe mwangwi bila sababu, maana huko ndiko mluzi wa spika huanzia. Mshereheshaji au mhubiri akishika maiki, zima efekti kwa kitufe chake kabla hajatamka neno la kwanza.