Bendera ya Uganda kwenye poi za LED: shida iko kwenye rangi nyeusi

Bendera kwa ajili ya onyesho la usiku wa 9 Oktoba, siku ya uhuru wa Uganda, inaonekana kazi nyepesi kwenye poi (kifaa cha safu ya taa kinachozungushwa kwa kamba hadi taa zichore picha hewani): michirizi sita tu. Lakini miwili ni myeusi, na kwenye LED nyeusi ni taa iliyozimwa. Mchirizi wa juu humezwa na giza, watazamaji wakaona bendera ya michirizi mitano.

Hesabu taa kwanza. Poi ya taa 36 inataka picha ya kimo cha pikseli 36 kamili, yaani pikseli 6 kwa kila mchirizi. Upana 60 unatosha. Chora kwa penseli ya GIMP, programu ya kuchora picha, si brashi, maana brashi hufifisha kingo. Hifadhi kama faili ya picha ya BMP, biti 24. JPEG huacha madoa mipakani, na kila doa ni taa inayowaka bila kuitwa.

Rangi zinahitaji uvumilivu. Njano ya 255, 255, 0 (viwango vya nyekundu, kijani na bluu) hutoka na ukijani. Anza na 255, 150, 0, kisha rekebisha ukitazama poi ikizunguka gizani, kamwe si kwa kutegemea skrini ya kompyuta. Nyeusi iwe 0, 0, 0 kabisa. Katika mchirizi mweusi wa juu, pikseli ya nje kabisa ipe 40, 40, 40: ukingo huo hafifu ndio unaolionyesha jicho kwamba weusi ule ni sehemu ya bendera.

Korongo taji wa katikati ya bendera, ndani ya duara la pikseli 12, hasomeki. Mchoree picha yake ya pili, kimo chote 36, taji la njano, shavu jeupe. Miguu yake ni myeusi, kwa hiyo ipake kijivu, la sivyo ataelea.

Ukizungusha mara mbili kwa sekunde, kila safu wima ya picha ipewe milisekunde 4. Bendera itachukua karibu nusu ya duara. Ikivutika, punguza muda. Ikiwa juu chini, igeuze kwenye faili.

Picha ikitoka vidotividoti, hesabu nyaya za utepe wa taa. Tatu kwa kawaida ni WS2812B, aina ya LED ambayo hupepesa polepole mno kwa kazi hii. APA102, aina ya kasi zaidi, ina nne.

Nyeupe ikigeuka nyekundu, betri imechoka: bluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu. Taa 36 nyeupe kwa mwanga wote hula takriban ampea 2, basi weka mwangaza asilimia 30.