Lebo ya utalii endelevu: anza na daftari

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita karibu na Kibirizi, wanakopandia boti za kwenda Hifadhi ya Gombe. Ukitaka lebo ya hoteli zinazotunza mazingira, kama Green Key iliyoanzia Denmark mwaka 1994, usikimbilie fomu. Nunua daftari. Kila Jumatatu andika namba ya mita ya maji, yuniti za umeme wa LUKU na magunia ya mkaa, kisha gawanya kwa idadi ya waliolala. Ndivyo nilivyogundua choo cha chumba namba nne kinavuja! Mkaguzi wa lebo anataka ushahidi, kwa hiyo tunza pia risiti za dagaa na mawese ya hapahapa Kigoma, na mikataba ya wafanyakazi. Jihadhari: GSTC, baraza la kimataifa la utalii endelevu, hutunga vigezo, halitoi cheti kwa hoteli. Anayekuuzia “cheti cha GSTC” bila hata kuliona jiko lako, mkatalie.