Umechaguliwa VHT? Panga nyumba yako kwanza

Ndugu yangu, kama kijiji kimekuchagua VHT, yaani mhudumu wa afya wa timu ya kijiji, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ameita jina lako watu wakapiga makofi, hongera sana. Lakini kabla hujaleta lile sanduku la dawa nyumbani, kaa na watu wako, mume au mke na watoto wakubwa, waambie wazi kwamba serikali ya Uganda ilivyoanzisha VHT mwaka 2001 iliianzisha kama kazi ya kujitolea, kwa hiyo wasingojee mshahara, na usiku mlango utagongwa.

Mimi sikukaa nao. Nilileta sanduku nikalisukuma chini ya kitanda, na wiki hiyohiyo saa nane usiku nasikia hodi, mama ana mtoto wa miezi nane anahema mbiombio. Nikawasha tochi, nikainua kashati, nikahesabu pumzi dakika nzima, 56, na umri huo ikishafika 50 tunatibu nimonia. Nikatoboa kidole kupima malaria, nikampa amoksilini, nikaandika rejista, wakaenda. Kugeuka, mume wangu amekaa kitandani na watoto wetu watatu wote macho, hakuna anayesema kitu. Asubuhi shambani jembe likanishinda.

Sasa sanduku linakaa sebuleni, juu, na kufuli. Na mchana nikiwatembelea akina mama nawafundisha dalili ambazo hazingoji kuche: degedege, mtoto hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea hazinduki. Hizo njoo saa yoyote, nakuandikia barua ya rufaa uende kituo cha afya usiku huohuo. Lakini mtoto mwenye mafua tu, anacheza, ananyonya vizuri, mlete asubuhi, na mama akishaelewa sababu hakasiriki, kweli.

Pesa nayo inakula watu kimyakimya. Eataimu ya kupigia kituo, boda ya kupeleka ripoti parishi, ngazi ya utawala juu ya kijiji, soda ya mgonjwa aliyeishiwa nguvu, vyote vinatoka kwenye mfuko wa chumvi na sabuni. Nunua daftari, andika kila shilingi na tarehe, halafu siku ya mkutano wa ripoti lisome mbele ya msimamizi, maana ukisema tu "natumia nyingi" hakuna atakayekusikia. Boda ya mgonjwa usiifanye mzigo wako, omba kikundi cha akiba cha kijiji kitenge kidogo kwa ajili hiyo.

Hili la dawa kuisha ndilo lililoniumiza kuliko yote. Sanduku likiwa tupu miezi miwili watu wanasema musawo, yaani mganga wao, ameuza, na ni watu unaochota nao maji, unakaa nao kwenye msiba, unasikia wananyamaza ukifika. Nililia. Dawa ya hilo ni moja, siku dawa zinapofika mwite mwenyekiti na wamama wawili, hesabuni pamoja mezani, waweke sahihi, na siku zinapoisha waite haohao waone sanduku. Tangu nianze hivyo hakuna aliyenishika tena njiani kuniuliza.

Mtoto uliyemwandikia rufaa akifariki usijifungie ndani. Nenda kwa VHT mwenzako siku hiyohiyo, umwambie yote ulivyoona na ulivyofanya, yeye ataelewa bila kukuhukumu. Mimi nilikaa na kifo kimoja cha hivyo mwezi mzima bila kusema, chakula hakipiti, watoto wangu wanadhani nimewakasirikia.

Raha yake pia ipo, siwezi kuficha. Huku kwetu Busia mtoto niliyemtibu sasa anakimbia kunipokea kikapu nikitoka sokoni.

Ila usibebe peke yako. Kama kijiji kina wawili wenye dawa za watoto, gawaneni wiki kwa wiki na mtangaze kwenye mkutano. Sisi tulifanya hivyo, wiki ya mwenzangu ukinigongea usiku nakutazamia zile dalili za hatari, kama hazipo nakusindikiza mpaka kwake na tochi yangu, halafu narudi kulala.